Kaskazi, Kusi na Ubao wa Tanga

Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na tarehe 20 Mei akawa Calicut, India. Vitabu vya shule humpa yeye sifa zote, ingawa rubani aliyemvusha alipewa na Sultani wa Malindi, na kilichomsukuma ni kusi, upepo ambao wanamaji wa pwani hii walikuwa wakiutumia kwa karne nyingi. Wakati wa kurudi hakungoja majira. Alitoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, upepo wa kaskazi haujasimama sawasawa, akazungushwa baharini karibu miezi 3. Watu wake wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Alipofika tena pwani yetu, Januari 1499, ilimbidi aichome moto meli moja, São Rafael, kwa sababu hakubaki na mabaharia wa kutosha kuiendesha.

Ratiba aliyoidharau ndiyo inayofuatwa leo na vijana wa Diani, ufuo ulio kusini mwa Mombasa, wanaowafundisha wageni kuteleza juu ya maji kwa ubao wenye tanga. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia mwishoni mwa Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Kati ya pepo hizo kuna tanga mbili, siku ambazo upepo hauna msimamo na chombo hakijui kigeukie wapi. Sisi wa Lwakhakha tunaipata kaskazi ikiwa imekauka: ndiyo miezi ya vumbi, mahindi yameanikwa uani na Mlima Elgon umejificha nyuma ya ukungu wa moshi na vumbi. Bahari iko mbali nasi kuliko watu wanavyodhani. Hata mto wetu, unaotutenga na ndugu zetu wa Uganda, hauendi huko; maji yake huingia Malaba, yakapitia Mpologoma hadi Ziwa Kyoga, yakaishia kwenye Nile.

Pwani, kusafiri kwa tanga ni kazi ya siku zote. Mvuvi wa ngalawa hutoka alfajiri kwa umande, upepo mwepesi wa kutoka nchi kavu, na hurudi mchana upepo wa bahari ukishaamka. Mlingoti wake husimama pale pale, na chombo hugeuzwa kwa usukani. Ubao wa tanga hauna usukani. Mlingoti umeshikizwa kwenye ubao kwa kiungo kinachopinda kila upande, na anayesimama juu yake hulishika tanga kwa mikono miwili. Akililaza mbele, ubao unaukimbia upepo. Akilivuta nyuma, unageuka kuukabili. Siri yote iko kwenye kiungo hicho, na ndicho kilichowapeleka watu mahakamani.

Wamarekani wawili wa California, Hoyle Schweitzer na Jim Drake, waliomba hataza ya chombo hicho mwaka 1968 na kuipata Januari 1970. Drake alikuwa mhandisi wa ndege. Baadaye alimuuzia mwenzake sehemu yake, na Schweitzer akaanza kuwadai ada watengenezaji wa nchi nyingine. Biashara ilikuwa nono, hasa Ulaya. Shida ikawa kwamba huko Pennsylvania, Newman Darby alikuwa amekwisha kutengeneza ubao wake wenye tanga na kuueleza katika jarida la Popular Science mwezi Agosti 1965. Uingereza mambo yaliharibika zaidi. Kesi ya kampuni ya Schweitzer dhidi ya kampuni ya Tabur Marine ilipofika Mahakama ya Rufani, hukumu ya mwaka 1985 iliizingatia habari ya Peter Chilvers, ambaye mwaka 1958, akiwa mtoto wa miaka 12, alijiundia ubao wa namna hiyo na kuuchezea kando ya kisiwa cha Hayling. Hataza ikatenguliwa. Kwangu mimi hili ndilo tukio tamu kuliko yote katika historia hii: kampuni kubwa na mawakili wake, wameangushwa na mchezo wa mtoto.

Wakati wazungu wakigombania umiliki, mbao zenyewe zilikwisha kuingia Kenya pamoja na watalii wa Ujerumani na Uswisi walioletwa Mombasa kwa ndege za kukodi. Diani palifaa mno. Mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi nje, ndani yakabaki maji yaliyotulia. Na kwa jinsi ufuo ulivyokaa, kaskazi humjia mtu ubavuni ikitokea kushoto, kusi ikitokea kulia, zote zikielekea nchi kavu kidogo, hivyo mwanafunzi akishindwa hurudishwa ufuoni badala ya kupelekwa Somalia. Lakini maji yakipwa siku za bamvua, ni heri kukaa kivulini. Matumbawe hayana huruma na nyayo.

Kisha likaja tiara la kumvuta mtu juu ya ubao. Bruno na Dominique Legaignoux, ndugu wawili wa Ufaransa, waliomba hataza mwaka 1984 ya tiara lenye mbavu za kujazwa hewa, linaloweza kuinuka tena baada ya kuanguka majini. Lilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na likawatamanisha wengi kwa kuwa linaingia kwenye begi. Mei 2012 shirikisho la mchezo wa matanga duniani lilipiga kura kuuondoa ubao wa tanga kwenye Olimpiki, ambako ulikuwepo tangu 1984, na kuliweka tiara mahali pake. Novemba mwaka huo huo likabatilisha uamuzi wake. Katika Olimpiki ya Paris 2024 vyote viwili vilishindaniwa, huko Marseille.

Katika pwani yetu tiara limeshinda bila kura. Lipo Diani, lipo kaskazini mwa Malindi, na lipo Paje, Unguja, ambako limekuta wenyewe. Tangu 1989 wanawake wa Paje wamekuwa wakilima mwani katika maji yale yale ya ndani ya mwamba, wakifunga miche kwenye kamba na vigingi. Wao wanataka maji yapwe ili waende shambani, mwenye tiara anataka yajae. Hapo ratiba ya maji inawasuluhisha, japo kigingi kilichofunikwa na maji hakimjui mgeni.

Msomaji wa Lwakhakha anayetaka kujionea ana safari ya zaidi ya kilomita 900: basi hadi Nairobi, treni ya Mombasa, feri ya Likoni, kisha matatu ya Ukunda. Aende Januari au Julai. Aprili na Mei ni masika na tanga mbili kwa pamoja. Baadhi ya hoteli hufunga, na wafanyakazi wa kutoka Bungoma wanakuwa wamesharudi nyumbani kupalilia mahindi.