Kadi ya Koromo: historia ya kanban kutoka karatasi hadi seva

Mwanzoni mwa mwaka 1950 kampuni ya Toyota ilikuwa na malori mengi na haikuwa na fedha. Japani ilikuwa bado chini ya majeshi ya Marekani yaliyoikalia baada ya vita, na sera ya kuzima mfumuko wa bei ilikuwa imekausha mikopo nchi nzima. Wateja waliochukua malori kwa mkopo walishindwa kulipa, na mapya yalirundikana uani bila mnunuzi. Benki zilizokubali kuinusuru kampuni ziliweka sharti kwamba mauzo yawe chini ya kampuni tofauti, na kiwanda kisitengeneze gari ambalo wauzaji hawana hakika ya kuliuza. Wafanyakazi waligoma kupinga kupunguzwa. Mgomo ulipokwisha, zaidi ya watu 2,000 walikuwa wameondoka, na Kiichiro Toyoda, mwasisi wa kampuni, naye alikuwa amejiuzulu. Alifariki mwaka 1952.

Historia ya kanban haieleweki bila mwaka huo. Siku hizi kanban huuzwa kama programu ya kompyuta: safu za rangi kwenye skrini, kadi zinazosogezwa kwa kidole, taarifa zinazoruka kutoka kiwanda hadi kwa mtengenezaji wa vipuri aliye mji mwingine. Anayeiona hivyo tu hudhani ni chombo cha kupanga kazi. Lakini ilitungwa na watu waliokuwa wameona wenzao wakifukuzwa kwa sababu kiwanda kilitengeneza vitu visivyotakiwa na mtu. Swali lao lilikuwa moja: fundi aliye mwanzoni mwa mstari atajuaje kile ambacho aliye mwishoni anakihitaji sasa hivi, si kile ambacho ofisi ilikisia mwezi uliopita?

Kiichiro mwenyewe alikuwa amelijibu nusu. Alipofungua kiwanda cha Koromo mwaka 1938 alitaka kila kipuri kifike kwa wakati wake, bila kukaa ghalani. Vita vilizuia wazo hilo lisikue. Nusu ya pili ilitoka kwa Taiichi Ohno, mtu aliyeanzia kwenye kiwanda cha nguo cha ukoo wa Toyoda mwaka 1932, akahamia kwenye magari mwaka 1943, na baada ya vita akapewa karakana ya mashine hapo Koromo. Ohno alikuta utaratibu wa kuchosha. Nusu ya kwanza ya mwezi ilipotea watu wakisubiri vipuri vilivyopungua. Nusu ya pili wakikimbizana kuunganisha magari usiku na mchana ili hesabu ya mwezi itimie. Vipuri vilikuwepo, tena vingi, ila si vile vilivyotakiwa.

Jibu lake lilitoka kwenye biashara ya vyakula. Huko Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua mwaka 1916 duka la Piggly Wiggly, ambamo mteja aliingia mwenyewe, akatoa bidhaa kwenye rafu na kwenda kulipa. Maduka ya namna hiyo yalienea, na habari zake zikafika Japani. Ohno alivutiwa na kinachotokea baada ya mteja kuondoka: mwenye duka hujaza pengo lililoachwa, na pengo tu. Akageuza karakana yake ifuate mwendo huo. Fundi wa hatua ya mbele akawa mteja, aende mwenyewe hatua ya nyuma kuchukua anachohitaji, na aliye nyuma atengeneze kufidia kilichochukuliwa. Kufikia mwaka 1953 mpango huu ulikuwa ukifanya kazi katika karakana ya mashine. Ohno alipofika Marekani mwaka 1956 kutembelea viwanda vya magari, supamaketi alizoziona kwa macho zilimthibitishia alichokuwa ameshakianza.

Ili mpango huo uende bila kelele za kuitana, kila sanduku la vipuri lilipewa kadi, ndiyo kanban yenyewe, ndani ya mfuko wa plastiki. Kadi ilitaja namba ya kipuri, idadi ndani ya sanduku, kinakotoka na kinakokwenda. Fundi akianza kutumia sanduku, kadi inatolewa na kurudi nyuma, na kurudi kwake ndiyo ruhusa ya kuchukua au kutengeneza sanduku jingine. Pasipo kadi, hakuna ruhusa. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ohno alilitoa daftari ofisini akalifunga kwenye sanduku lenyewe, mikononi mwa anayelitumia.

Hesabu yake ni rahisi. Tuchukue mstari unaotumia vipuri 480 kwa siku, kila sanduku likibeba 20, na kadi ikichukua nusu siku kurudi nyuma na kuleta sanduku jipya. Katika nusu siku hiyo zitatumika vipuri 240, yaani masanduku 12. Weka kadi 12, ongeza moja ya tahadhari, basi. Kwenye mzunguko huo hayawezi kuwepo masanduku zaidi ya 13 hata meneja akitaka. Kisha msimamizi huondoa kadi moja. Mstari ukiendelea salama, huondoa nyingine. Ukikwama, sababu hujitokeza: mashine mbovu, usafiri wa kuchelewa, au kubadilisha kalibu za mashine za kufinyanga bati kunakokula saa kadhaa. Hilo la kalibu lilikuwa kikwazo kikubwa, kwa kuwa hakuna anayeweza kutengeneza kidogo kidogo ikiwa kila badiliko linamlia asubuhi nzima. Toyota ilitumia zaidi ya miaka 20 kulishughulikia, ikashusha muda huo kutoka saa mbili au tatu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi dakika tatu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wanaonakili kadi bila kuifanya kazi hiyo huishia na ghala tupu na mstari uliosimama.

Kanban ilienea katika kampuni nzima mwaka 1962, na kuanzia mwaka 1965 ikaanza kuvuka ukuta wa kiwanda kwenda kwa watengenezaji wa vipuri wa nje. Hapo ndipo jambo lilipobadilika asili. Ndani ya kiwanda, msimamizi mmoja anaweza kuamuru pande zote mbili. Nje kuna kampuni nyingine yenye wafanyakazi wake, madeni yake na mashine zake, na kadi inayoiambia ilete masanduku matatu saa nne asubuhi inaweza kuwa makubaliano au inaweza kuwa mzigo. Mwenye nguvu akikataa kuweka akiba, akiba haipotei. Huhamia kwa mnyonge, ghalani kwake na kwa gharama zake. Lawama hizo zilitolewa Japani kwenyewe. Mwandishi wa habari Satoshi Kamata alifanya kazi Toyota kama kibarua wa msimu kuanzia mwaka 1972, kisha akachapisha kitabu juu ya kasi ya mstari na uchovu wa waliofanya kazi kwenye mstari huo. Nadhani kila anayefundisha kanban angepaswa kukisoma hicho pamoja na kile ambacho Ohno mwenyewe alikitoa mwaka 1978. Mfumo usioacha nafasi ya ziada kwenye rafu unaweza pia usiiache kwenye mgongo wa binadamu.

Baada ya msukosuko wa mafuta wa mwaka 1973, Toyota ilipoinuka mapema kuliko wenzake, dunia ilianza kuuliza siri yake. Wamarekani waliona kwa karibu kuanzia mwaka 1984, pale General Motors na Toyota zilipoendesha pamoja kiwanda cha Fremont, California. Watafiti wa chuo cha MIT wakaandika kitabu maarufu mwaka 1990, na uzalishaji usiofuja, kama mtindo huo ulivyoitwa, ukawa somo la vyuo vikuu.

Wakati huo kadi zenyewe zilikuwa zikielemewa. Denso, kampuni ndugu inayotengeneza vifaa vya umeme vya magari, ilishaweka misimbopau kwenye kanban ili mashine izisome. Lakini msimbopau mmoja ulibeba herufi zipatazo 20 tu. Sanduku moja lilihitaji misimbo hata kumi, na wafanyakazi walishinda wakiielekezea kisomeo mmoja baada ya mwingine. Mhandisi Masahiro Hara, akiwa na timu ndogo, akatafuta alama itakayobeba habari kwa urefu na kwa upana. Tatizo lilikuwa kasi: kisomeo kitaitambuaje alama hiyo katikati ya maandishi mengine? Walipekua vipeperushi, magazeti na maboksi wakitafuta uwiano wa weusi na weupe usiotokea mara kwa mara kwenye vitu vilivyochapishwa, wakaupata: 1:1:3:1:1. Ndiyo ile miraba mitatu iliyo pembeni mwa kila msimbo wa QR. Ulipotangazwa mwaka 1994 uliweza kubeba tarakimu zipatazo 7,000, na ulisomeka hata sehemu yake ikichafuliwa na mafuta ya kiwandani. Denso ilibaki na hataza lakini haikudai malipo kwa watumiaji, na ndiyo maana alama ile imefika kwenye risiti za EFD za Tanzania, risiti za eTIMS za Kenya na mabango ya kulipia kwa simu madukani mwetu. Kila mara mteja wa Kariakoo au Gikomba anapoielekezea simu yake, anatumia kitu kilichobuniwa ili kuharakisha masanduku ya vipuri vya magari.

Kwa viwanda, msimbo huo ulirahisisha hatua iliyofuata. Kadi ya karatasi ilirudi kwa mtengenezaji ikiwa ndani ya lori, na hilo halikuwa shida pale wote walipokuwa jirani katika mkoa wa Aichi. Toyota ilipofungua viwanda Kentucky na Kyushu, umbali uliikatisha kadi pumzi. Kanban ya kielektroniki iliondoa safari ya kurudi. Sanduku likifunguliwa, msimbo unasomwa, na ombi linaonekana papo hapo kwenye kompyuta ya mtengenezaji, ambaye huchapisha kadi mpya na kuibandika kwenye mzigo unaofuata. Kadi hazipotei tena njiani, na mahitaji yakipanda au kushuka idadi yake inahesabiwa upya bila mtu kuzunguka karakana akizikusanya. Faida hizo ni za kweli, na sioni sababu ya kuzibeza.

Ila tazama kilichotokea mjini Kariya, Japani. Alfajiri ya tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin kilichotengeneza vali ndogo ya kusawazisha nguvu ya breki. Aisin iliipatia Toyota asilimia 99 ya vali hizo, na akiba ilitosha saa chache tu. Ndani ya siku chache karibu uzalishaji wote wa Toyota nchini Japani ulisimama. Aisin ikatoa michoro yake kwa yeyote aliye tayari kusaidia. Kampuni zaidi ya 200 zilijitokeza, zikiwemo ambazo hazikuwahi kutengeneza vali hata moja. Brother, inayojulikana kwa cherehani, ilikuwa miongoni mwao. Kazi ilianza kabla ya kujadiliana bei. Baada ya takriban wiki moja magari yalikuwa yakitoka tena karibu kama kawaida, na baadaye Toyota iliwapa watengenezaji wake wakuu malipo ya shukrani. Hakuna kadi iliyoziamuru kampuni zile kufanya hivyo. Zilikuwa zimefanya kazi pamoja miaka mingi, wahandisi wao wakifahamiana kwa majina.

Tetemeko na tsunami ya Machi 2011 ziliongeza somo lingine. Toyota iligundua kuwa haikuwajua watengenezaji wa ngazi za chini kabisa, ikajenga orodha yao, na kwa chipu za kompyuta ikakubali kinyume cha desturi yake: wasambazaji waweke akiba ya miezi miwili hadi sita.

Kisha ukaja udhaifu ambao karatasi haikuwa nao. Tarehe 1 Machi 2022 Toyota ilifunga viwanda vyake vyote 14 vya Japani, mistari 28, kwa sababu wadukuzi waliingilia kompyuta za Kojima, mtengenezaji wa vipuri vya plastiki, na mawasiliano ya maagizo yakakatika. Magari yapatayo 13,000 hayakutengenezwa siku hiyo. Agosti 2023 viwanda hivyo 14 vikasimama tena, safari hii bila mdukuzi yeyote. Katika matengenezo ya kawaida ya seva za kuagizia vipuri, nafasi kwenye diski ilijaa, na seva za akiba zilipata tatizo lilelile kwa kuwa zilitegemea mfumo uleule. Mafundi walikuwepo na mashine zilikuwa nzima. Lililokosekana lilikuwa ujumbe wa nani anahitaji nini.

Kwetu mfano ulio bora kabisa wa wazo hili, kwa maoni yangu, haukutoka kwenye kiwanda. Kati ya Septemba 2009 na Februari 2010 Wizara ya Afya ya Tanzania, pamoja na wadau wakiwemo Novartis, Vodafone na IBM, ilijaribu mpango wa SMS for Life katika vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Hakuna aliyeuita kanban, lakini kiini kilikuwa kilekile: habari itoke pale dawa inapotumika. Kila wiki mhudumu wa zahanati aliulizwa kwa ujumbe mfupi amebakiwa na dawa kiasi gani za malaria. Akijibu kwa wakati, alipata muda wa maongezi. Mwanzoni vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa 26. Ujumbe haukubeba dozi hata moja. Viongozi wa afya wa wilaya, wakishaona zahanati moja ina ziada na nyingine haina kitu, walizihamisha dawa kutoka ya kwanza kwenda ya pili.