Msitu wa Oxleas: Amana Isiyo na Hati

Wazee wetu waliijua nasaba kwa majina ya mababa. Msitu nao una nasaba yake. Huko Uingereza huitwa wa kale ule ambao ardhi yake haijakosa miti tangu mwaka 1600 au kabla. Msitu wa Oxleas, ulioko Shooters Hill, kusini-mashariki mwa London, una sehemu zinazokadiriwa kudumu kwa miaka 8,000, tangu barafu kuu ilipoyeyuka. Mwaka 1934 ulifunguliwa rasmi kwa umma.

Karibu na mialoni yake, kileleni mwa kilima, upo mnara uitwao Severndroog. Ulijengwa mwaka 1784 na mjane wa Sir William James, kumkumbuka mumewe aliyeiteka ngome ya Suvarnadurg mwaka 1755. Ngome hiyo iko pwani ya magharibi ya India, pwani ambayo majahazi ya wazee wetu yaliiendea kwa pepo za msimu. Bahari yetu, basi, ina kumbukumbu yake hata huko.

Katika miaka ya 1980 serikali ilikusudia kupitisha barabara kuu katikati ya msitu, ielekee daraja jipya la mto Thames. Wakazi walipinga. Tisa miongoni mwao walikwenda Mahakama Kuu, wakihatarisha mali zao kwa gharama za kesi. Julai 1993 mpango ukaachwa. Baadaye majirani waliunda taasisi ya kuunusuru mnara uliokuwa umefungwa, nao ukafunguliwa tena mwaka 2014.

Watu wale tisa hawakuwa na hati ya msitu. Kinyume chake, sisi tuna hati za nyumba za Mji Mkongwe na Mombasa, ambazo dari zake huporomoka huku warithi, kila mmoja katika nchi yake, wakibishania mafungu. Hati humtaja mwenye mali. Haimtaji mwenye uchungu nayo. Wazee wa Kimijikenda walilijua hilo: misitu ya kaya, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ilisalimika kwa sababu waliokaa jirani nayo waliilinda.

Ndugu zangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukoo uliozika wazee wake katika ardhi ya London umekwisha kuipita siku ya tatu. Jembe la huko ni letu pia, na la nyumbani bado linatungoja.