Mwili Kama Ushahidi: Filamu Tatu za Uhalifu wa Kidini

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu na kumuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anajibu kwamba hakuna. Katika Sura ya Abasa ya Kurani, Mtume mwenyewe anakumbushwa asimgeuzie mgongo kipofu aliyemjia kutafuta elimu. Dini zote mbili, basi, zilishakataza kusoma dhambi kwenye mwili wa mtu. Filamu za uhalifu zinazotumia majoho ya dini hazijasikia vizuri.

The Da Vinci Code ya Ron Howard (2006) inampa mwanamke, Sophie Neveu, nafasi ya katikati, na anayehesabu sura tu ataridhika. Lakini muuaji wake, Silas, ni mtawa mwenye ualbino. Anatumwa na watu wa Opus Dei, taasisi ya Kikatoliki ambayo kwa kweli haina watawa, na analenga shabaha usiku ilhali wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Uhalisia haukuhitajika: ngozi yake ilitosha kumtisha mtazamaji. Chama cha watu wenye ualbino cha Marekani kililalamika. Nchini Tanzania malalamiko hayo yana uzito wa pekee, maana katika muongo huohuo watu waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina kuhusu ngozi yao. Filamu haikuleta mauaji hayo, ila inakula chungu kimoja na fikra iliyoyaleta.

Filamu ya The Name of the Rose (1986), ambayo Jean-Jacques Annaud aliitoa katika riwaya ya Umberto Eco, inajua hatari hiyo. Katika monasteri ya Italia mwaka 1327, mhukumu wa kanisa Bernardo Gui anawatia hatiani Salvatore mwenye kibyongo na msichana maskini asiyepewa hata jina. Mtawa mpelelezi, William wa Baskerville, anafuata nyayo kwenye theluji na wino vidoleni. Hata hivyo, njia yake ya haki inaishia kwa Jorge, mzee kipofu aliyetia sumu kitabu kuhusu vichekesho ili watu wasicheke. Filamu inamkemea Gui, kisha inamalizia palepale alipoanzia.

Tarik Saleh, Msweden mwenye asili ya Misri, anakipindua kisa hicho katika Boy from Heaven (2022), iliyopata tuzo ya uandishi wa filamu huko Cannes. Ndani ya Al-Azhar, chuo cha Kiislamu cha Cairo, sheikh kipofu anakiri mauaji asiyoyafanya ili kesi iwaumbue wakubwa. Hapo Saleh ana historia ya kuegemea: mwandishi wa Misri Taha Hussein, kipofu, alisoma Al-Azhar. Uovu umehamia kwa maafisa wa usalama wenye macho mazima.

Kasoro zipo. Wanawake karibu hawaonekani, na Cairo hii ilipigwa picha Uturuki, kwa kuwa Saleh hawezi kurudi Misri. Kwa hesabu ya sura, Howard anamshinda. Kwa hesabu ya haki, Saleh yuko mbele: kwake mwenye ulemavu ana akili, ujasiri na siri zake mwenyewe, na mtazamaji analazimika kumpeleleza mwenye mamlaka.