Dadu na Kifo cha Shujaa

Mhariri ameniomba jambo la historia, ila lisiwe tena juu ya walimu wakuu na mabweni. Nimechagua mchezo. Ninyi mlioko shuleni sasa huenda mnaufahamu kuliko sisi kaka zenu: watu wanne watano huketi mezani, kila mmoja amejitungia mtu wake, mpiganaji au mchawi, na mmoja wao ni mwamuzi anayeongoza hadithi. Dadu zikitupwa, mtu wako anaweza kufa.

Sisi tuliolelewa kwenye bao na drafti jambo hili hutushangaza. Katika bao hakuna bahati. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzako. Basi ni nani aliyeipa dadu mamlaka ya kuua?

Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1780 Johann Hellwig wa Brunswick alitoa mchezo wa vita uliotokana na sataranji, na kama ilivyo katika sataranji, hesabu ilikuwa wazi. Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz wa jeshi la Prussia akachapisha kanuni za mchezo mwingine, Kriegsspiel, uliochezwa juu ya ramani za kipimo cha 1:8,000. Baba yake ndiye aliyeuanzisha. Humo dadu ziliamua hasara ya kila shambulio, kwa sababu kamanda hutoa amri njema na bado ikaharibika, naye hana budi kuzoea hali hiyo kabla ya vita yenyewe. Mkuu wa watumishi wa jeshi, Jenerali Müffling, aliupenda, akaupendekeza kwa maofisa wote.

Kanuni zikawa nyingi, majedwali yakachosha watu. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akashauri majedwali yawekwe kando, mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Mimi kama mtumishi wa serikali naujua ugomvi huu. Kila ofisi ina anayesema tufuate waraka, na anayesema tutumie busara. Waraka unachosha kweli, lakini waraka hauna shemeji.

Marekani waliyapokea mambo haya kupitia kitabu cha ofisa mmoja, Charles Totten, cha mwaka 1880. Mwanafunzi wa Minnesota, David Wesely, alikisoma, na mwaka 1969 akaendesha mchezo ambao kila mchezaji alikuwa mtu mmoja badala ya kikosi. Mwenzake Dave Arneson akauendeleza kuanzia 1971 katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor.

Hapo ndipo kifo kilipobadilika. Ofisa wa Prussia akipoteza askari 40 kwenye ramani, alifuta alama na kuendelea. Lakini mtu uliyempa jina, ukamlea kwa miezi, hafutiki hivyo. Arneson alieleza baadaye kwamba mwanzoni pigo moja liliweza kuua, wachezaji wakanung'unika, ndipo akachukua hesabu kutoka kanuni zake za vita vya manowari: meli haizami kwa kombora moja, basi na mtu awe na alama za uhai zinazopungua kidogo kidogo. Mwaka 1974 yeye na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza.

Hata hivyo mchawi mpya alianza na alama kati ya 1 na 6, na pigo la upanga liliondoa 1 hadi 6. Hesabuni wenyewe. Katika Traveller ya mwaka 1977 mambo yalikuwa makali zaidi: mtu wako aliweza kufa wakati bado unamtunga!

Mimi nilijifunza mchezo huu chuo kikuu. Mganga wangu, niliyecheza naye muhula mzima, aliumwa na nyoka. Nilihitaji 11, dadu ikatoa 4. Meza nzima ilinyamaza. Mwamuzi alikuwa rafiki yangu, naye hakunionea huruma. Namshukuru, kwani tangu siku hiyo kila aliyefungua mlango katika mchezo ule alifikiri kwanza.

Gygax mwenyewe alilegeza kamba katika kitabu chake cha waamuzi cha mwaka 1979: mchezaji aliyecheza vizuri akiuawa na bahati mbaya tu, mwamuzi anaweza kuamua kwamba amezirai, au amepoteza kiungo. Toleo la 2014 liliweka utaratibu. Aliyeanguka hutupa dadu ya pande 20; 10 au zaidi ni heri, na hutafuta heri tatu kabla ya shari tatu. Asiposaidiwa, ana nafasi takriban 6 kwa 10 za kupona. Huo naukubali, maana unajulikana kabla ya ajali. Nisichokikubali ni mwamuzi anayetupa dadu nyuma ya pazia, halafu akasoma namba anayoitaka. Leo amemwokoa mpenzi wake. Kesho atamzamisha nani?

Tena vifo vingine havikuhitaji dadu. Katika Tomb of Horrors, pango la mauti ambalo Gygax aliliendesha mwaka 1975 na kulichapisha 1978, kuna sura ya shetani wa kijani iliyochongwa ukutani, mdomo wazi, ndani giza tupu. Anayeingia humo anatoweka moja kwa moja. Wachezaji waliingia, na waliofuata wakaingia kuwatafuta.