Sala ya Siku Kuu, Kanisani na Nyumbani

Wasomaji wetu walio walimu wa vituo vya mbali walijua vema jambo hili: Noeli yaja, Jumatano ya Majivu yaja, Kupaa kwa Bwana kwaja, na padre hayupo. Watu wamekutana, au kila mtu yu nyumbani kwake, na swali ni moja: Tusali nini leo? Wako wasemao kwamba sala iliyoandikwa ni ya kanisa na ya padre, na nyumbani mtu aombe kama moyo wake umwambiavyo. Wako pia waogopao kutamka neno lolote lisilo katika kitabu. Mashindano haya si mapya. Yalikwisha kushindaniwa zamani, tena kwa faini na vifungo, katika nchi kilikotoka Kitabu cha Sala tulichopokea sisi, yaani Uingereza. Basi twataka kueleza habari hizo, si zote, bali zile zihusuzo sala ya siku, ile sala fupi isomwayo kabla ya Waraka na Injili, ambayo kila Jumapili na kila siku kuu ina yake.

Kwanza neno moja juu ya lugha. Kiswahili kilipokea kwa Waarabu maneno mawili, sala na dua. Kwa Waislamu wa pwani sala ni ibada yenye saa zake, maneno yake, na kusujudu kwake. Dua ni ombi la mtu, naye aweza kuomba wakati wowote kwa haja yake. Sisi Wakristo tumeyatwaa maneno yote mawili, lakini mpaka ulio kati yake hatukuutunza sana. Na hesabu ya siku pia tuliikuta tayari. Jumapili ni ya pili kwa kuwa hesabu yaanza baada ya Ijumaa, ingawa kwa Kanisa ndiyo siku ya kwanza ya juma. Na miezi ya pwani yahesabiwa Mfunguo mosi, Mfunguo pili, hata Mfunguo tisa, tangu kufunguliwa saumu ya Ramadhani. Kwa hiyo mtu wa pwani alipoambiwa mara ya kwanza habari za Jumapili ya pili baada ya Pasaka, hakuwa na la kushangaa. Mwaka uhesabiwao kwa siku kuu alikuwa ameuzoea tangu utoto.

Sala ya siku kwa Kilatini iliitwa collecta, neno litokalo katika kukusanya. Wataalamu wengi hueleza hivi: padre aliwaalika watu kuomba, watu wakanyamaza, kila mtu akaomba lake moyoni, kisha padre akayakusanya maombi yote katika maneno machache. Tukikubali maelezo hayo, basi dua za watu zilitangulia, na sala ya padre ilikuwa kama mfuniko wa chungu kilichokwisha kujaa. Sala nyingi za namna hii zimo katika vitabu vikongwe vya Kanisa la Roma. Kimoja, kinachoitwa kwa jina la Papa Gelasius, nakala yake mashuhuri iliandikwa katika karne ya 8. Kingine, chenye jina la Papa Gregory, kilipelekwa na Papa Hadrian kwa mfalme Charlemagne.

Umbo lake ni la kubana sana. Mungu aitwa, kisha latajwa neno moja juu yake, alilolitenda au alivyo, kisha laombwa jambo moja tu, kisha yatajwa matunda yatakiwayo, mwisho yote yapelekwa kwa njia ya Yesu Kristo. Siku yenyewe huingia katika sehemu ile ya pili. Siku ya Epifania hutajwa nyota iliyowaongoza mataifa. Siku ya Pentekoste hutajwa Roho aliyewafundisha waaminifu. Mtu akiijua sehemu hiyo, aijua siku.

Mwaka 1549 Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, alitoa Kitabu cha Sala kwa Kiingereza, kikaamriwa kutumika tangu Pentekoste, tarehe 9 Juni. Sala za Jumapili nyingi alizifasiri kutoka Kilatini. Lakini sala za watakatifu nyingi alizitunga upya, maana zile za zamani ziliomba kwa maombezi ya mtakatifu, naye hakukubali. Badala yake alimwomba Mungu atupe kuufuata mfano wa yule mtakatifu. Kadhalika alitunga mpya kwa Jumapili mbili za kwanza za Majilio na kwa Jumatano ya Majivu, na ile ya Jumapili ya kwanza ya Majilio aliijenga juu ya maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi, sura ya 13, yaani Waraka wa siku hiyo.

Si wote waliofurahi. Jumatatu ya Pentekoste, watu wa kijiji cha Sampford Courtenay katika Devon walimlazimisha padre wao kurudia ibada ya kale, na fitina ikaenea Devon na Cornwall hata ikawa vita. Waasi walisema ibada mpya ni kama mchezo wa Krismasi, na tena kwamba baadhi ya watu wa Cornwall hawaelewi Kiingereza. Cranmer akawauliza ni wangapi kwao waelewao Kilatini. Jibu lilikuwa kali, lakini halikuondoa shida, kwa maana mtu wa Cornwall aliyekuwa na lugha yake mwenyewe hakupewa kitabu kwa lugha hiyo. Sisi tuliosoma habari za kutafsiri katika Afrika hatuwezi kulipita jambo hilo kimya.

Hata hapo vita ilikuwa juu ya sala za kanisani. Ugomvi juu ya sala za nyumbani ulikuja mwaka 1627, na chanzo chake kilikuwa wanawake wa jumba la mfalme. Mfalme Charles wa kwanza alikuwa amemwoa Henrietta Maria wa Ufaransa, naye alikuja na mabibi Wakatoliki wenye vitabu vyao vya sala za saa. Mabibi wa Kiingereza wakaona aibu kwamba wao hawana. John Evelyn, katika kitabu chake cha kumbukumbu, asimulia kwamba mfalme alipopata habari aliagiza kitabu kitungwe, na kazi ikampata John Cosin, padre wa Durham. Akatunga kitabu kidogo cha ibada za mtu peke yake: sala za saa za mchana na usiku, orodha ya siku kuu na siku za kufunga, na sala za siku zake zikichukuliwa katika Kitabu cha Sala.

Leo twakitazama na kuona kitabu cha upole kabisa. Lakini mwaka 1628 Henry Burton na William Prynne waliandika vitabu vya kukipinga, na shitaka likafika Bungeni. Walisema ni upapa ulioingizwa kwa mlango wa nyuma, na hata herufi IHS zilizochorwa mbele ya kitabu zilikuwa kosa. (Watu hawa wawili baadaye walikatwa masikio kwa maandiko yao mengine, na Prynne mara mbili, zama zile kila upande ulijua kutesa.) Hofu yao ilikuwa na maana yake. Mtu aliyezoea kushika siku na saa chumbani mwake hahitaji ruhusa ya mtu kuzishika, na desturi ya namna hiyo ni vigumu kuikomesha kwa sheria. Na miaka ishirini baadaye jambo lenyewe likahakikishwa, ila kinyume cha walivyotazamia.

Mwanzo wa mwaka 1645 Bunge liliondoa Kitabu cha Sala. Mwezi wa Agosti likakataza kukitumia hata nyumbani: pauni 5 kwa kosa la kwanza, pauni 10 kwa la pili, na kifungo cha mwaka mzima kwa la tatu. Mwaka 1647 siku kuu za Noeli, Pasaka na Pentekoste zikafutwa. Noeli ile ile, katika mji wa Canterbury, mkuu wa mji alipowataka watu wafungue maduka kama siku ya kazi, ghasia ikatokea, naye mwenyewe akapigwa.

Siku ya Noeli mwaka 1657, Evelyn huyo tuliyemtaja alikwenda na mkewe kusali katika kanisa dogo la nyumba ya Exeter, London. Mahubiri yalikwisha, na watu walikuwa wakipokea Sakramenti, askari walipowazunguka. Walipokwenda kupokea, askari waliwaelekezea bunduki kama watakaowapiga pale pale madhabahuni, lakini wakawaacha wamalize. Baadaye wakubwa wa jeshi walimhoji: kwa nini athubutu kuishika siku ya ushirikina iliyokwisha kukatazwa, na kusali kwa kitabu ambacho ni misa tu kwa Kiingereza, na kumwombea Charles Stuart? Akajibu kwamba hawakumwombea huyo, bali wafalme na watawala wote Wakristo. Wakasema, Basi mwamwombea hata mfalme wa Hispania aliye adui yetu! Mwisho wakamwacha aende zake.

Habari nyingine ya miaka hiyo ni ya George Bull, aliyekuwa padre kijana karibu na Bristol. Kitabu kilikuwa kimekatazwa, lakini sala zake alikuwa nazo moyoni, akazisema bila kutazama popote, kwa sauti ya mtu aombaye kweli. Siku moja alimbatiza mtoto wa mtu aliyechukia kabisa sala za kuandikwa. Ibada ilipokwisha baba alimshukuru sana, akasifu jinsi sala ya kutoka moyoni ipitavyo ile ya kusomwa kitabuni. Bull akamfunulia kitabu, akamwonyesha kwamba kila neno limo. Twaipenda habari hii kuliko zote tulizozisimulia, maana yawajibu pande zote mbili za walimu tuliowataja mwanzo. Yule baba hakukosea kusikia. Sala ile ilitoka moyoni kweli, ila iliingia humo kwanza kwa njia ya kitabu.

Kitabu kilirudishwa, kikatolewa upya mwaka 1662. Cosin alikuwa amerudi kutoka Ufaransa alikokimbilia, akawa Askofu wa Durham na mmoja wa waliokitengeneza. Humo imo amri kwamba sala ya Jumapili ya kwanza ya Majilio irudiwe kila siku mpaka mkesha wa Noeli, na ya Jumatano ya Majivu irudiwe Kwaresima yote. Kwa amri hiyo hata asiyejua kusoma aliweza kuzishika hizo mbili kwa moyo, kwa kuzisikia tu.

Habari za Bull zilihifadhiwa na mwanafunzi wake, Robert Nelson, mtu asiye padre, nasi twamhesabu kuwa ndiye aliyezipeleka siku kuu katika nyumba za Waingereza wa kawaida. Mwaka 1704 alitoa kitabu cha kusindikiza sikukuu na siku za kufunga. Kila siku ina maswali na majibu, kama katekisimu: Kwa nini twaishika siku hii? Mtakatifu huyu alitenda nini? Yatupasa nini? Mwisho ni sala za kusali peke yako. Kilichapwa mara nyingi sana. Nelson alikuwa pia mmoja wa watu wa kwanza wa S.P.C.K., chama kilichoanzishwa mwaka 1698, ambacho baadaye kilichapa vitabu vingi vya Kiswahili.

Katika waliozishika siku hizo nyumbani yumo Samuel Johnson, mtunga kamusi. Alijitungia sala za mwaka mpya, za siku ya kuzaliwa kwake, za siku aliyofiwa na mkewe mwaka 1752, na hasa za Ijumaa Kuu na Pasaka. Zilichapwa mwaka 1785, baada ya kufa kwake. Umbo lake ni lile lile la sala ya siku, lakini ndani yake mna uvivu wake, hofu yake ya kufa, na ahadi ya kuamka mapema, ambayo aliirudia Pasaka baada ya Pasaka.

Sala hizi ziliingia katika Kiswahili huko Unguja, hasa kwa mkono wa Edward Steere, aliyefika mwaka 1864, akawa Askofu mwaka 1874, akafa mwaka 1882. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa siku ya Noeli, 1873. Yako mambo ambayo hayawezi kuvuka bahari. Jumapili iliyo kabla ya Majilio, sala yake yaanza kwa neno ambalo kwa Kiingereza ni kuamsha mioyo na pia kukoroga chakula. Basi watu wa huko walifanya ndiyo ishara ya kukoroga andazi la Krismasi. Kwetu aliyeambiwa achochewe hafikiri mwiko, afikiri moto.

Lakini kwa jambo moja Kiswahili chashinda Kiingereza. Sehemu ile ya pili ya sala, itajayo tendo la Mungu, kwetu huingia yote katika kitenzi kimoja: uliyeumba, uliyetuma, utusikiaye, usiyechoka. Wafasiri watiao “ambaye” kila mahali hulegeza kamba iliyokazwa vizuri. Neno moja la namna hiyo hushikwa hata na asiyejua herufi. Tumewasikia wazee vijijini wakiianza sala ya siku kuu kama ilivyo, “Mungu uliye…”, na wakiisha kulitaja tendo la siku hiyo husimama, wataja jina la mgonjwa aliye nyumbani, au mvua iliyochelewa, au kijana aliyekwenda mjini asiandike barua. Kisha wairudia sala pale pale walipoiacha, wakaimaliza kwa njia ya Yesu Kristo Bwana wetu, na watoto wakaitika, Amina.