Mchunga wa Cucu na Radicchio ya Supamaketi

Wasee, chuo niliacha, lakini hii historia niliisoma kwa sahani.

Cucu wangu wa Siakago, Embu, alikuwa anatupikia mchunga, ule Wambeere wanaita muthunga. Mchungu, manze! Anauchemsha, anamwaga maji, anauchanganya na kunde. Sisi watoto wa town tulisema hayo ni magugu, chakula cha njaa. Tukaitisha kabichi.

Sasa cheki. Cicoria na radicchio za Waitaliano ni za ukoo mmoja na mchunga. Hata huko, maskini walikuwa wanaokota cicoria shambani. Roma wanaichemsha kwanza, halafu wanaikaanga na kitunguu saumu. Si hiyo ni mbinu ya cucu? Treviso nao wanang'oa radicchio msimu wa baridi, wanaiweka gizani mizizi ikiwa kwa maji, mpaka ichipue majani mekundu laini. 1996 Ulaya ikalinda hilo jina kisheria. Nairobi unaipata supamaketi, na bei yake wacha tu.

Kinachoniuma ni hiki: wamisionari Waitaliano wa Consolata walifika Kenya 1902, Meru 1911. Watu wa nchi ya cicoria wakaishi na watu wa mchunga! Shuleni hiyo sikuwahi kuskia. Mboga kwetu ilikuwa sukuma wiki na kabichi, na zote zilitoka Ulaya.

Cucu alishatuacha. Juzi nilipata mjomba akipigia mchunga dawa kwa shamba la ndengu. Nikamwambia, "Mjomba, ngoja kidogo," nikachuma mkono mmoja.