Mahaba Baina ya Mahasimu: Wapenzi na Milki katika Vita vya Raia vya Uingereza

Katika mwaka wa 1853 mchoraji John Everett Millais alionyesha mjini London picha ya msichana wa Kipuritani, yaani wa upande wa Bunge, mwenye mavazi ya kujisetiri yasiyo na pambo, aliyesimama mwituni kando ya mwaloni wenye mvungu shinani, uso wake ameugeuza nyuma kwa hofu, na mkono wake unabusiwa na kijana aliyejificha ndani ya mvungu ule; naye kijana, kama anwani ya picha inavyoeleza, ni mfuasi wa Mfalme aliyeharamishiwa nchi, na mwaka ni 1651, ambao ndio mwaka jeshi la Charles wa Pili lilipovunjwa huko Worcester. Kisa hiki cha binti wa kambi moja na kijana wa kambi ya pili kilikwisha kupendwa kabla ya Millais. Walter Scott alikitia katika riwaya yake ya Woodstock mwaka wa 1826. Bellini akakiimbisha Paris mwaka wa 1835 katika opera ya I Puritani. Frederick Marryat akawaandikia watoto mwaka wa 1847. Na hata leo waandishi wa riwaya za mapenzi hawajakichoka. Msingi wake ni dhana kwamba vita viliinua ukuta baina ya nyoyo mbili, na kwamba mahaba, kwa kuwa yana nguvu kuliko bendera, yaliuruka. Nataka kuhojiana na dhana hiyo, maana nyaraka za zama zile zaonyesha kuwa ukuta ulisimama mahali pengine: katika hati za milki, katika madeni na faini, na katika nyumba ya mpenzi mwenyewe, ambamo ndugu wa damu aliweza kuwa hasimu mkali kuliko askari wa upande wa pili.

Bendera ya Mfalme Charles wa Kwanza iliinuliwa Nottingham dhidi ya Bunge mwezi Agosti 1642, na tangu siku ile mpaka wa uadui ukapita juu ya meza za chakula, kwa sababu waliopigana walisema lugha moja, walisoma vyuo vimoja, na aghalabu walikuwa na babu mmoja. Itazame aila ya Hammond. Dakta Henry Hammond alikuwa kasisi wa Mfalme. Nduguye Thomas aliketi miongoni mwa mahakimu waliomhukumu Mfalme huyo huyo mwezi Januari 1649. Na mtoto wa ndugu yao, Kanali Robert Hammond, alikuwa gavana wa kisiwa cha Wight na mlinzi wa kifungo cha Mfalme katika ngome ya Carisbrooke tangu Novemba 1647. Mpwa wao mwingine, William Temple, ambaye baba yake alikuwa mtu wa Bunge, alilelewa nyumbani kwa yule kasisi. Nani, katika jamaa hii, angeweza kuoa pasipo kuoa kwa adui wa mtu fulani katika jamaa yake?

Ni Temple huyu ambaye mwaka wa 1648, akiwa kijana wa miaka ishirini aliyeshika safari ya Ufaransa, alikutana kisiwani Wight na Dorothy Osborne, binti wa Sir Peter Osborne, mfuasi thabiti wa Mfalme. Dada yake Temple ametuachia habari ya kukutana kwao. Ndugu wa Dorothy, kwa hasira ya kumwona Mfalme wake kifungoni, alichora juu ya kioo cha dirisha la nyumba ya wageni maneno ya kumfananisha gavana na yule Hamani wa Kitabu cha Esta, aliyetundikwa juu ya mti aliomwekea mwenzake, na jina la Hammond likairahisisha dhihaka. Wasafiri wote wakakamatwa, wakahudhurishwa mbele ya gavana. Hapo Dorothy akajitwika taksiri, akasema mkono ulioandika ni wake, na gavana, kwa kustahi mwanamke, akawaachilia. Temple alitazama yote hayo, na moyo wake ukatekwa. Hadithi ni tamu, lakini tusisahau jambo moja: gavana aliyetukanwa alikuwa binamu yake Temple. Mtunga riwaya angeona haya kubuni sadfa kubwa kiasi hicho, ilhali katika Uingereza ya wakati ule haikuwa ajabu hata kidogo.

Baada ya hapo walingoja zaidi ya miaka sita kabla ya kuoana, na sababu ya kungoja ndiyo kiini cha hoja yangu. Sir Peter alikuwa amemshikia Mfalme ngome ya Castle Cornet huko Guernsey, wakati watu wa kisiwa chenyewe wakilifuata Bunge, na katika kazi hiyo utajiri wake uliyeyuka, hata ikawa lazima binti yake aolewe na mwenye mali. Sir John Temple naye alimtakia mwanawe mke wa kuongeza milki, si wa kuipunguza. Na huyu Sir John, ambaye kwa hesabu ya riwaya ndiye baba adui, alikuwa ametolewa Bungeni na jeshi mwezi Desemba 1648 pamoja na wenziwe waliotaka kusikilizana na Mfalme. Basi uadui wa kambi ulikuwa umekwisha kuchakaa, na pingamizi za ndoa zilibaki na nguvu zake zote. Mwenye kuzishika kwa ukali kuliko wote alikuwa Henry, ndugu wa Dorothy, aliyemlinda nyumbani kwao Chicksands, akamsumbua kwa ajili ya barua, na kumsukumia mposaji baada ya mposaji.

Hapa msomaji wetu anahitaji tafsiri ya desturi. Sisi tukisema mahari twaiona mali ikitoka kwa mume kwenda kwa mke; kwa watu wa tabaka la Osborne mali ilitoka kwa baba wa bibi arusi, nayo ilijibiwa na ahadi ya pato la ardhi ambalo mke angelipata akifiwa na mume. Hati za makubaliano hayo zilijadiliwa miezi na miaka, na vita viliingia ndani ya hati. Tangu 1643 Bunge lilizuia milki za waliomfuata Mfalme, na aliyetaka kurudishiwa yake alikwenda Goldsmiths' Hall, London, kukiri kosa na kulipa faini iliyopimwa kwa thamani ya mali, mara sehemu ya kumi, mara theluthi, mara hata nusu. Wake na watoto wa waliozuiliwa waliweza kuachiwa sehemu moja katika tano. Binti wa mtu aliyepita katika kinu hicho alitoka bila mahari ya kutosha, na kijana aliyemtaka, awe wa kambi gani, alimkuta baba yake mwenyewe mlangoni akimzuia.

Kisa cha John Milton, mshairi na mtetezi wa Jamhuri iliyochukua nafasi ya Mfalme, chafaa kuwekwa kando ya hicho, ingawa mapenzi yake ni machungu. Tangu 1627 Richard Powell wa Forest Hill, karibu na Oxford, alikuwa na deni la pauni 300 kwa nyumba ya Milton. Mwaka wa 1642 Milton, aliyekuwa na miaka 33, alikwenda huko akarudi na mke, Mary Powell, wa miaka 17, pamoja na ahadi ya mahari ya pauni 1,000 ambayo haikulipwa kamwe. Baada ya mwezi mmoja au karibu na hapo Mary alikwenda kuwaamkia wazazi wake, hakurudi. Vita vikaanza, na Oxford ukawa mji mkuu wa Mfalme. Mwaka uliofuata Milton akatoa risala ya kuhalalisha talaka, ambayo hoja yake imesimama juu ya kutolingana kwa nia na tabia. Mary alirejea 1645, mwaka ambao jeshi la Mfalme lilipondwa huko Naseby. Oxford uliposalimu amri Juni 1646, akina Powell wote, waliokuwa hawana tena pa kulala, walihamia nyumbani kwa mkwe wao wa Bunge, na mzee Richard akafia humo. Kisha Milton akaishika ardhi ya Powell huko Wheatley kwa ajili ya deni lake. Na kwa kuwa ardhi ile ilikuwa ya mtu wa Mfalme, yeye, aliyekuwa katibu wa Jamhuri kwa lugha za kigeni, alilazimika kuilipia faini ya wafuasi wa Mfalme. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha jinsi daftari la madai lilivyovuka mstari wa vita kwa wepesi ambao moyo haukuweza.

Ndoa ya George Villiers, Duke wa Buckingham, yatosha kutajwa kwa ufupi. Alipigana Worcester upande wa Mfalme, na sehemu ya milki zake Bunge lilimpa Jemadari Thomas Fairfax. Mwaka wa 1657 akarudi kwa siri akamwoa Mary, mtoto wa pekee wa Fairfax. Millais angeweza kumchora katika picha yake, lakini anayetazama kwa makini ataona kwamba kijana alibusu mkono uliokuwa na funguo za nyumba zake.

Kwa kipimo hiki naona kitabu cha watoto cha Marryat kinaishinda opera ya Bellini, yenye muziki mzuri ambao sina haja ya kuutetea. Ndani ya opera msamaha wa Cromwell, jemadari wa Bunge, wafika mwishoni na matatizo yote yayeyuka. Kwa Marryat, Edward Beverley ampenda Patience, kisha asikia kwamba milki ya Arnwood, iliyokuwa ya babaye, imepewa baba yake Patience, na papo hapo mapenzi yaingia sumu. Scott naye, aliyesomea sheria, aliwafanya wapenzi wa riwaya yake binamu.

Mtu aweza kuniambia kwamba kwa kuhesabu pauni nimeua mahaba. Lakini barua 77 za Dorothy, za miaka ya 1652 hadi 1654, ziko London katika Maktaba ya Uingereza, nazo zina mahaba tele. Ila ndani yake vita ni kama mvua iliyonyesha jana. Cromwell alipolifukuza Bunge mwezi Aprili 1653, Dorothy alimwandikia Temple kwa mzaha kwamba amepoteza cheo kikubwa, kwa kuwa miongoni mwa waposaji aliowakataa alikuwamo Henry Cromwell, mwana wa mtu yule. Hakumchukia Henry. Alikuwa akitafuta mbwa mkubwa wa Ireland, na mwana wa Cromwell aliahidi kumwandikia shemeji yake, Jemadari Fleetwood, amletee. Na mbwa huyo alipokawia, Dorothy alimwomba Temple, ambaye baba yake alitarajiwa kwenda Ireland, ajaribu yeye.